Kifutu katika mashamba ya Lubumbashi: ya kuandaa mapema, na ya kufanya akiuma

Kila majira ya mvua yanapoanza, watu walionunua mashamba kwenye barabara za Kipushi, Kasenga na Likasi huuliza maswali yale yale. Je, mguu ulioumwa ufungwe kwa kamba? Je, jiwe jeusi hunyonya sumu? Je, twende kwenye kituo cha afya kilicho karibu au tukimbilie mjini? Maswali haya huulizwa pia na wachoma makala, wafyatuaji wa matofali na akina mama wanaoingia porini kuokota uyoga, na kwa bahati mbaya wengi huyauliza wakati mgonjwa tayari amelala chini ya mti. Soma mwongozo huu sasa, ukiwa umetulia, kwa maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla nyoka hajauma mtu.

Kifutu, ambaye wengine humwita piri, bafe au moma, na ambaye kwa jina la kitaalamu ni Bitis arietans, anaishi katika savana, mbuga za nyasi na vilima vya mawe karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, isipokuwa katika msitu mnene wa mvua na jangwa tupu. Ni nyoka mnene na mfupi, mara nyingi asiyezidi mita moja, mwenye kichwa kipana cha pembetatu na shingo nyembamba. Mgongo wake wa kahawia au manjano iliyofifia umepangwa alama za V zinazoelekea mkiani, na magamba yake hayang'ai. Mtazame akiwa amelala kwenye majani makavu chini ya miti, kwa umbali salama, nawe utaona jinsi zile alama zinavyovunja umbo la mwili wake hata jicho likapita juu yake bila kumtambua. Rangi hiyo ndiyo ngome yake. Nyoka wengi wakisikia hatua za mtu hukimbia, lakini kifutu hutulia palepale. Huenda akapuliza pumzi kwa sauti nzito inayosikika vizuri, na huenda asitoe sauti yoyote mpaka mguu umfikie. Kwa sababu hiyo watu wengi huumwa chini ya goti, wakiwa wanatembea tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Andaa buti zinazopita kifundo cha mguu, za mpira au za ngozi, pamoja na suruali nene iliyolegea. Buti hazimzuii kila nyoka, lakini kandambili hazizuii chochote. Uwe na tochi inayowaka kweli, fimbo ndefu na reki yenye mpini mrefu. Katika mfuko mmoja unaojulikana na kila mtu wa nyumbani, weka fito mbili zilizonyooka au vipande vya ubao, bendeji pana au vitambaa vilivyopasuliwa, kalamu ya wino, vidonge vya parasetamoli na karatasi yenye namba za simu. Mwisho, tenga pesa za safari ya ghafla kwenda hospitali, nazo zisiguswe kwa jambo jingine. Pesa hizo zina thamani kuliko vitu vingine vyote vilivyo mfukoni, kwa maana wagonjwa wengi hucheleweshwa na mashauriano ya nani alipe pikipiki.

Hatua za kuchukua kabla ya hatari

1. Tafuta mahali penye serumu. Serumu ya nyoka ndiyo dawa pekee inayoikabili sumu yenyewe, na haipatikani katika kila kituo. Usisubiri siku ya mkasa ndipo ujue. Nenda mwenyewe, au piga simu katika hospitali zinazofikika kutoka shambani kwako, ukaulize mambo manne: kama serumu ipo sasa hivi, kama karatasi yake inataja Bitis arietans miongoni mwa nyoka inaowatibu, kama muda wake wa matumizi haujapita, na jinsi inavyohifadhiwa. Serumu ya maji huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ni haki yako kuuliza friji inakuwaje umeme unapokatika. Ile ya unga mkavu huvumilia zaidi. Swali la aina ya nyoka si la kujionyesha. Serumu iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia haimponyi mtu aliyeumwa na kifutu, hata kama kwenye sanduku lake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni dawa ya nyoka. Rudia kuuliza mwanzoni mwa kila majira ya mvua, kwa kuwa akiba huisha.

2. Panga usafiri. Andika namba za waendesha pikipiki wawili wanaolala karibu nawe na ya jirani mwenye gari. Zungumza nao mapema, mkubaliane kwamba wataitika hata usiku wa manane. Usiweke tumaini lako lote kwa gari la wagonjwa.

3. Safisha mazingira ya nyumba. Fyeka nyasi pande zote, na uondoe marundo ya matofali, mabati na kuni yaliyoegemea ukuta. Kuni ziwekwe juu ya vichanja mbali na mlango. Vichuguu vikubwa vya Katanga, ambavyo watu huchimba udongo wake wa matofali, huwa na mashimo ambamo nyoka hujificha, kwa hiyo yachunguze kwa fimbo kabla ya kuingiza jembe, wala usiingize mkono. Fanya hivyo hivyo unapoinua magogo yaliyokaa siku nyingi yakisubiri kuchomwa makala: vuta gogo kuelekea kwako, ili pengo lifunguke upande wa pili na gogo lenyewe libaki kati yako na kilicho chini yake.

4. Punguza panya. Kifutu hufuata chakula, na chakula chake kikuu ni panya. Mahindi yaliyomwagika chini, ghala lisilofungwa na makombo ya bukari nyuma ya jiko huita panya, na panya humwita nyoka. Hapa ndipo jitihada huleta faida kubwa kuliko kununua vitu vya kunyunyiza. Chumvi, vitunguu saumu, kiberiti cha unga na vidonge vya kufukuza nondo havimzuii nyoka kupita.

5. Badili mwenendo wako wa kutembea. Kifutu hutembea zaidi usiku, na jioni hupenda kulala juu ya njia ya udongo iliyobaki na joto la jua. Baada ya jua kutua, usipige hatua bila tochi, hata kama ni kwenda msalani tu. Mchana, unapookota uyoga, pekua majani kwa fimbo kabla ya mkono kushuka. Mtoto asitangulie mbele ya mtu mzima, wala asiingie kichakani peku. Ukiruka gogo, kanyaga kwanza juu yake, utazame upande wa pili, ndipo ushuke.

6. Ukimkuta, mwachie nafasi. Simama, mtazame, rudi nyuma taratibu mpaka umbali wa mita tatu au zaidi, kisha uwaondoe watoto na mbwa. Kifutu huonekana mzito na mvivu, na kweli mwendo wake ni wa polepole, akijikokota kwa mstari ulionyooka. Lakini shambulio lake ni la kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuikwepa. Watu wengi wameumwa walipojaribu kumuua, ambapo wangeweza kabisa kurudi nyuma na kumwacha aende zake. Kama ameshauawa, usimshike, kwa maana kichwa cha nyoka aliyekatwa bado kinaweza kuuma kwa muda. Usidharau wadogo pia: kifutu huzaa wana hai, mara nyingi kati ya 20 na 40 kwa mara moja, na kila mmoja huzaliwa akiwa na sumu yake na meno yake.

Hatua za kuchukua mtu anapoumwa

7. Mwondoe mgonjwa mahali pa hatari na umkalishe au umlaze. Asikimbie, na asitembee kama kuna njia yoyote ya kumbeba. Zungumza naye kwa utulivu, umweleze kwamba wengi waliofikishwa hospitali mapema wamepona, jambo ambalo ni kweli. Mtu mwingine atazame saa na kuandika wakati alipoumwa.

8. Vua kila kinachobana: pete, bangili, saa, kiatu, soksi, shanga za kiunoni au mguuni. Fanya hivyo mara moja, hata kama uvimbe haujaonekana. Sumu ya kifutu huharibu nyama na mishipa midogo ya damu, na uvimbe wake unaweza kupanda kutoka kwenye kidole hadi kwenye paja. Pete iliyoachwa kidoleni itageuka kuwa kamba ya chuma na kukata damu.

9. Tuliza kiungo kilichoumwa. Weka fito au ubao kandokando ya mguu au mkono na uufunge kwa vitambaa vipana, kama unavyomfunga mtu aliyevunjika, kiasi ambacho kidole chako kinapita chini ya kitambaa bila shida. Uvimbe unapoongezeka, legeza. Lengo ni kiungo kisicheze. Si kuzuia damu isipite. Kwa nyoka wa jamii ya kifutu usifunge bendeji ya kukaza, kwa sababu kubakiza sumu mahali pamoja huongeza uharibifu wa nyama pale pale.

10. Chora mstari kwa kalamu mahali uvimbe ulipofikia, na uandike saa pembeni yake. Rudia kila baada ya nusu saa. Daktari akiiona ile mistari hupata habari ambayo hawezi kuipata kwa maneno, yaani kasi ya sumu. Kama mtu anaweza kumpiga nyoka picha kwa simu akiwa mbali, ni vizuri. Kama hawezi, msipoteze hata dakika kumtafuta.

11. Safirini moja kwa moja hadi mahali mlipopajua katika hatua ya kwanza, huku mkipiga simu njiani ili wajiandae. Kwenye pikipiki, mgonjwa akae kati ya dereva na mtu wa kumshika, mguu ukiwa na fito zake. Akitapika au akizimia, alazwe kwa ubavu wa kushoto. Kwa maumivu apewe parasetamoli pekee.

12. Hospitalini, toa maelezo mafupi: saa ya kuumwa, nyoka aliyeonekana, dawa zozote alizopewa, mimba kama ipo, na kama aliwahi kupata serumu zamani. Wahudumu wengi watamfahamu nyoka huyu kwa jina la Kifaransa, vipère heurtante. Msishangae muuguzi akichukua damu kidogo, akaiweka katika chupa safi ya kioo na kuiacha dakika 20 bila kuitikisa. Anapima kama inaganda, na damu inayobaki maji ni dalili kwamba sumu imeingia mwilini. Serumu hupitishwa kwenye mshipa, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi na dawa ya adrenalini ikiwa tayari, kwa sababu yenyewe inaweza kuamsha mzio mkali. Mtoto hupewa kiasi kile kile cha mtu mzima, kwa kuwa nyoka hakumpunguzia sumu kwa ajili ya udogo wake. Mzazi asikubali kupunguziwa chupa kwa hoja kwamba mtoto ni mdogo.

Makosa yanayoumiza zaidi kuliko nyoka

Kosa la kwanza na baya kuliko yote ni kufunga kamba. Nyama ambayo tayari inashambuliwa na sumu hunyimwa pia damu, na kiungo ambacho kingepona huishia kukatwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka duniani kote, na kwamba wanaobaki na ulemavu wa kudumu, wakiwemo waliokatwa viungo, ni wengi zaidi yao mara kadhaa. Mwaka 2017 shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa. Miguu mingi inayokatwa ingeweza kuokolewa.

Kosa la pili ni kuchanja kwa wembe na kunyonya. Kwa mtu ambaye damu yake huenda imeacha kuganda, kila chale ni jeraha jipya linalovuja. Meno ya kifutu ni marefu na huiacha sumu ndani kabisa ya nyama, mahali ambapo wala mdomo wala wembe hauwezi kuifuata.

Jiwe jeusi nalitaja peke yake, kwa kuwa watu wa kwetu wanaliamini sana na wanaliuza kwa nia njema. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Hushikamana na jeraha kwa sababu lina vitundu vidogo vinavyonyonya unyevu, lakini halitoi sumu iliyokwisha kuingia ndani. Wanaosema liliwaponya hawasemi uongo; nyoka mara nyingine huuma bila kumwaga sumu, au humwaga kidogo, na mtu wa namna hiyo angepona hata kwa kuwekewa jani. Ubaya wa jiwe ni yale masaa mawili ya kusubiri lianguke. Kama mzee wa familia anasisitiza, msigombane naye na kupoteza muda: liwekwe mkiwa tayari mnaondoka.

Epukeni pia pombe, mafuta ya taa, barafu na umeme wa betri. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu, na sindano za makalioni zinaweza kuacha donge la damu katika msuli. Usinunue serumu sokoni ukamchoma mgonjwa nyumbani.

Mambo yanapokwenda vingine

Mgonjwa amekuja akiwa tayari amefungwa kamba. Kama ndiyo kwanza imefungwa, ilegezeni polepole. Kama imekaa muda mrefu, msiikate ghafla njiani. Mwonyesheni muuguzi mara mnapofika, ili aifungue akiwa ameshaandaa mshipa na dawa.

Kituo cha karibu hakina serumu. Si kazi bure kupita hapo ikiwa kiko njiani: wanaweza kuweka sindano kwenye mshipa, kutoa maji ya dripu iwapo shinikizo la damu limeshuka, na kupiga simu mbele. Lakini msikubali kulazwa hapo kungoja hali itakavyokuwa.

Hakuna uvimbe wala maumivu makubwa. Huenda hakumwagiwa sumu. Hata hivyo abaki chini ya uangalizi wa wahudumu kwa saa 24, kwa maana damu inaweza kuacha kuganda mguu ukiwa bado una sura nzuri. Kutokwa damu kwenye ufizi, mkojo mwekundu au alama mpya za damu chini ya ngozi ni dalili za kumwita daktari papo hapo.

Hakuna aliyemwona nyoka. Fuateni dalili. Maumivu makali, uvimbe unaopanda na malengelenge vinaelekea kwa kifutu, ingawa swila pia huvimbisha. Kope zinazolegea, mate yanayoshindwa kumezwa na pumzi fupi si dalili za kawaida za kifutu. Ni za nyoka kama koboko, na hapo kila dakika ina uzito zaidi, kwa sababu mgonjwa anaweza kuhitaji kusaidiwa kupumua. Kama nyoka alitema sumu machoni, huyo ni swila: osheni macho kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha mwende hospitali.

Mmechelewa siku nzima au zaidi. Nendeni hivyo hivyo. Serumu huokoa nyama zaidi ikitolewa katika saa za mwanzo, lakini maadamu damu bado haigandi, inaweza kumsaidia mgonjwa hata baada ya siku kadhaa.

Malengelenge yametokea. Msiyapasue, wala msipake udongo, majivu au dawa ya meno. Nyama iliyokufa huondolewa na daktari kwa vyombo safi, na chanjo ya pepopunda hutolewa damu ikishaanza kuganda vizuri.

Mgonjwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, mguu umekaza. Aunyooshe na kuukunja taratibu kila siku kadiri daktari alivyomwelekeza, na aulaze juu ya mto anapopumzika; mguu unaoachwa umejikunja kwa wiki nyingi hukataa kunyooka baadaye. Kama wiki moja au mbili baada ya serumu anapata homa, vipele na maumivu ya viungo, arudi hospitali na karatasi zake na ataje tarehe aliyopewa dawa, kwa kuwa hali hiyo husababishwa na serumu yenyewe na ina tiba, lakini bila tarehe ile atapimwa kwa macho tu na kutibiwa malaria ambayo hana.